Nilivyoomba Kujifunza Ukarani Kisarawe

Vijana wa ofisini, mmeniandama tangu siku nilipostaafu nikarudisha funguo. Mnasema: Mzee Mrisho, wewe umekaa kwenye mabaraza hata sisi hatujazaliwa, tueleze, mtu anayesomea mambo ya utawala afanye nini apate mahali pa kujifunzia kazi? Haya, nitawaeleza. Ila anayetafuta maneno matamu amepotea njia. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyeo vyangu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitasema jinsi nilivyoomba, nani alinifundisha, na alinifanyia nini.

Mimi ni mtu wa Kibuta. Baba alilima mihogo na alikuwa na mikorosho yake kidogo. Nilisoma chuoni kwanza, chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu zangu, kisha nikapelekwa shule ya serikali Kisarawe. Huko mwalimu mmoja alikuwa akitufundisha jinsi nchi inavyotawaliwa: Gavana anakaa wapi, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kazi yake nini, Liwali wake anapata wapi amri, jumbe wa kijiji anaishia wapi. Wenzangu walisinzia. Mimi somo lile lilinishika, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba mtu akiandika neno moja Kisarawe, baba yangu kule Kibuta anaamka alfajiri kwenda kufyeka barabara. Nilitaka kumjua huyo anayeandika. Kusema kweli, nilitaka kuwa yeye.

Siku zile serikali ilikuwa na nafasi ya makarani wanafunzi pale bomani. Kila mwaka Bwana Shauri alimchagua kijana mmoja, akajifunza kuandika kesi, kodi na taarifa, na akiiva anaajiriwa. Aliyepita umri hakutazamwa tena. Hapakuwa na mlango mwingine kwa mtoto wa mkulima.

Mwalimu wetu alitufundisha pia namna ya kuandika barua ya maombi. Anwani huku, tarehe kule, heshima nyingi, na mwisho mimi mtumishi wako mtiifu. Nikaandika yangu kwa mwandiko wa kujipinda, nikaikunja vizuri, nikamkabidhi tarishi wa boma aliyekuwa akipita Kibuta. Nilimkabidhi mchana kweupe, mbele za watu, tena nimevaa kanzu safi. Nilijiona mtu.

Ninyi mnacheka kwa kuwa mmezaliwa juzi. Kibuta ya wakati ule, barua ya mwananchi kwenda bomani ilikuwa na maana moja tu: mashtaka. Hakuna aliyemwandikia Bwana Shauri kumsalimu. Ukionekana umetuma barua, basi umemshitaki jumbe, na watu wanachosubiri ni kujua umemshitaki kwa lipi. Kabla ya adhuhuri jumbe alikuwa na habari. Hakuniuliza neno. Kesho yake baba, aliyekuwa ameshalipa kodi yake, akaitwa kwenye kazi ya barabara pamoja na waliokuwa hawajalipa. Alirudi na jembe begani na jina langu mdomoni.

Basi yangekwisha, lakini bomani nako barua ilisomwa, na Bwana Shauri akaagiza kwamba kijana apitie kwa wakubwa wake wa kienyeji. Akaja askari wa boma kuniarifu, amevaa fulana yake na kofia nyekundu, akiuliza nyumba kwa nyumba, Mrisho yuko wapi? Watu walidhani ni msako wa kodi. Wanaume walitimkia porini, na mmoja alikaa huko siku kadhaa kwa sababu ya barua yangu ya kuomba kazi. Jumbe alipoambiwa kwamba sikumshitaki, ila nilikuwa natafuta kazi, ndiyo kwanza alikasirika. Kushitakiwa alikuwa anakujua. Kurukwa hakukujua.

Aliyenitoa kwenye tope lile ni mjomba wangu, Mjomba Pazi, mtu mfupi mwenye maneno machache, ambaye kijijini alikuwa mshenga. Ukitaka kuoa, Mjomba Pazi ndiye anayekwenda. Aliniambia nimefanya kama mtu aliyekwenda kumwomba binti wa watu kwa kumpigia kelele kutoka barabarani. Akamchukua jogoo, akaenda kwa jumbe. Wakaongea mvua, wakaongea nguruwe wanaokula mihogo, wakaongea msiba wa kule Kurui. Ameshaaga, amesimama, ndipo aliposema kwamba kuna kijana wake mjinga, anaomba msamaha, na anatafuta mahali pa kukaa ajifunze. Safari ya pili jumbe mwenyewe alikwenda naye Kisarawe kwa Liwali. Ya tatu nilichukuliwa na mimi, nikakaa nyuma yao nimeinamisha kichwa, wala sikuulizwa lolote.

Liwali akasema bomani sipajui na boma halinijui. Nikae kwanza barazani kwake anakosikiliza kesi, kwa karani wake, nijifunze bila ujira. Nikifaa, karani atanisemea kwa Bwana Shauri atakapokuja kuchagua. Hapo Mjomba akanishika mkono, akanitia mbele ya karani, akatamka maneno tunayomwambia mwalimu wa chuoni tunapomkabidhi mtoto: “Nyama yako, mifupa yetu.”

Karani yule aliitwa Bwana Shomari. Alikuwa mtu mzima, mrefu, kanzu yake imenyooka muda wote, na sauti yake ukiisikia mara moja huisahau. Sitamsema vibaya kwa yale aliyokuwa anayajua. Kila niliyemsikiliza baada yake hakufika hata magotini mwake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia baraza kabla Liwali hajaja, kutandika mkeka, kuchanganya wino, na kubeba mwavuli wa Liwali kutoka nyumbani kwake. Mwavuli ule ulikuwa na desturi zake: usiufungue kabla hajatoka mlangoni, usitembee mbele yake, usitembee nyuma sana jua likamgusa. Wino ukizidi maji unapauka, ukipungua maji unaganda kwenye kalamu na kudondoka pale pale penye jina la mtu. Nilijifunza kuifuta nibu, ile ncha ya kalamu, kwa kitambaa kikavu kila baada ya shahidi mmoja. Ninyi wa mashine za chapa mtaniona mchoshi. Sawa.

Bwana Shomari alinifundisha kusikiliza. “Andika alichosema,” alikuwa akiniambia, “si unachodhani alitaka kusema.” Mtu akija na shauri, kwanza jina lake, kisha jumbe wake, kisha nani alikuwepo. Ukianza na ugomvi wenyewe utapewa ugomvi wa miaka yote tangu babu yao. Shahidi akilia, weka kalamu chini, maana ukiendelea kuandika atakudhani hujali, na ataacha kusema kweli. Shahidi anayeongea haraka mwulize alikula nini siku ile. Atapunguza mwendo.

Nakumbuka kesi ya mjane wa Vihingo. Shemeji zake walidai minazi ni ya marehemu ndugu yao, mjane akadai ni yake, kwani kwetu mnajua ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti juu yake ya yule. Mashahidi walikuwa sawa kwa sawa, na wote wameapa. Liwali alikwisha kuchoka, anataka kuigawa nusu kwa nusu aende akale. Bwana Shomari akaomba ruhusa aulize swali moja. Akamuuliza shemeji mkubwa, siku ya kuchimba mashimo ya minazi, wachimbaji walipikiwa nini, na nani? Shemeji akasema wali, ulipikwa na mama yao. Mjane akasema ulikuwa ugali wa muhogo na kunde, kapika yeye, na chumvi ilizidi hata mchimbaji mmoja akagoma. Mzee mmoja wa upande wa mashemeji, shahidi wao wenyewe, akacheka akasema kweli, chumvi ilizidi. Minazi ikawa ya mjane. Nilitoka pale nikijiambia kwamba nikiwa hata nusu ya mtu huyu, inatosha.

Sasa nije kwenye lililonifikisha hapa.

Ilinichukua muda kugundua, na nilipogundua sikutaka kuamini. Bwana Shomari alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Alimwona mtu kama kivuli, akamjua kwa sauti na kwa mwendo wake, lakini maandishi yalikuwa yamempotea kabisa. Hakuna aliyejua ila mkewe. Liwali hakujua, boma halikujua. Karani asiyeona ni mtu wa kurudishwa kijijini kesho yake, na wakati ule karani wa baraza hakuwa na pensheni ya kuhesabia.

Aliniambia yeye mwenyewe, siku moja baada ya baraza, watu wameshatawanyika. Hakunizungusha. Alisema, kijana, umeshaona, nami najua umeona. Kisha akanionyesha jinsi tutakavyofanya.

Barazani akawa ananiamuru kwa sauti, Liwali akisikia: andika, mwanafunzi, upate mazoezi, mimi nitanakili sawasawa nyumbani. Liwali akafurahi kwamba nafundishwa. Mchana nikaenda naye nyumbani kwake, tukakaa kibarazani, nikanakili mimi mwenyewe kwenye kitabu cha kesi cha serikali. Mwanafunzi alikuwa haruhusiwi kabisa kukigusa kitabu kile. Ilikuwa kanuni ya boma, na ilisomwa mbele yetu kila Bwana Shauri mpya alipokuja. Asubuhi nilimsomea kesi zote za jana, yeye akazihifadhi kichwani kama tulivyohifadhi sura chuoni. Barazani akafungua kitabu mbele yake na kumsomea Liwali bila kukosea neno, macho yake yakitembea juu ya karatasi. Nikikohoa, anafungua ukurasa.

Nilikohoa sana enzi zile. Watu wakanipa pole na majani ya kuchemsha.

Sikuona ubaya. Nilikuwa najifunza kazi yenyewe, tena yote, wakati wanafunzi wa kwingine walikuwa wanachonga penseli. Na Bwana Shomari aliniahidi. Alisema Bwana Shauri akija kuchagua, atanisemea yeye kwa kinywa chake. Kwa adabu zetu, mwanafunzi hajisemei. Mwalimu ndiye humsema.

Bwana Shauri akaja. Alikuwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wengine ninaowajua sasa. Tulikuwa wawili wa kuchaguliwa: mimi, na mpwa wa Liwali aliyekuwa akisaidia kupanga mafaili bomani. Tukasimama mbele ya meza. Liwali amekaa upande huu, Bwana Shomari upande ule na kitabu chake. Mpwa wa Liwali akaulizwa amefanya kazi gani, akataja mafaili, akataja bahasha, akataja muhuri. Nikaulizwa mimi.

Fikirini wenyewe. Nimeandika kesi zote za baraza zima, na siwezi kutaja hata moja. Nikisema nimeandika, nimekiri kwamba nimegusa kitabu cha serikali, na nimemwaga aibu ya mwalimu wangu mbele ya waajiri wake. Nikamtazama Bwana Shomari nikingoja anisemee. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea kwangu. Akabaki ameshika kitabu chake.

“Nimefagia baraza, bwana,” nikasema. “Na nimebeba mwavuli.”

Mpwa wa Liwali akachukuliwa. Simlaumu, alijibu alichoulizwa.

Jioni ile Bwana Shomari aliniita kwake, mkewe akaniandalia futari ingawa haikuwa Ramadhani. Alisema nimemfichia aibu, na kwamba siku yenyewe ulimi ulimgandia. Mwaka ujao, wallahi, atasema mbele ya yeyote, liwe liwalo. Nikamwamini. Mtu aliyekufundisha kusikiliza unamwamini unapomsikia analia. Na hata kama nisingemwamini, ningekwenda wapi? Baba alikuwa ameshawaambia watu Kibuta kwamba mwanawe yuko serikalini.

Nikaandika mwaka mwingine. Niliandika nikiwa na homa, niliandika siku ya kumzika Mjomba Pazi, Mungu amrehemu, kwa sababu siku ile baraza lilikaa na Bwana Shomari alituma mtu aniite, asionekane peke yake. Nilifika kaburini wanamalizia kufukia. Mpaka leo nikipita Kibuta kwenye makaburi yale nageuza uso.

Bwana Shauri akaja tena kuchagua, yule yule. Mara hii nilikuwa nakaribia kupita umri, na kila mtu pale alilijua hilo. Safari hii hakuniuliza mimi. Alimgeukia Bwana Shomari akamuuliza, karani, kijana huyu anajua nini?

Bwana Shomari akainuka. Sauti yake ilikuwa ile ile nzuri.

“Ni kijana mwenye adabu, bwana. Anafagia vizuri, anawahi, hajamtukana mtu.”

Akakaa.

Nawaambia, sikuwahi kupigwa kofi la namna ile. Asante ya punda mateke, tunasema, lakini punda hakuapii kwanza. Adabu zote nilizofunzwa, za chuoni, za Mjomba Pazi, za mwavuli, zikanitoka pale pale. Nikasema, bila kuulizwa, kwamba kitabu kile kilichoko mezani nimekiandika mimi, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa miaka miwili.

Liwali akacheka. Bwana Shauri hakucheka. Akamuuliza Bwana Shomari kama ni kweli.

“Vijana wa siku hizi, bwana,” akasema Bwana Shomari. “Si kweli.”

Sikusema habari ya macho yake. Ninyi mtauliza kwa nini, na mke wangu amekuwa akiniuliza miaka yote. Ulikuwa umebaki mlango huo mmoja, na nilipoutazama nikamwona mzee wa watu anafukuzwa mbele ya umati, mkewe anamshika mkono. Sikuweza. Si wema. Sikuweza tu. Bwana Shauri akanipa hukumu ambayo bado naikumbuka neno kwa neno.

“Kama ni uongo, hufai. Kama ni kweli, umevunja kanuni ya serikali, na hufai zaidi.”

Akaandika kitu, akapiga muhuri. Nikatoka na jina jipya bomani: yule mwongo wa Kisarawe.

Sikulala tena Kisarawe. Nilivuka kwenda upande wa Kibaha, nikafika Mlandizi, ambako kulikuwa na baraza dogo la wakili mmoja mzee, yaani naibu wa Liwali, baraza la watu wa mashamba, mashauri yao mengi ni mbuzi waliokula mpunga. Wakili hakuwa na mwanafunzi kwa kuwa hakuna aliyependa kukaa kule. Nikaanza upya, kufagia na kuchanganya wino, bila ujira, katika umri ambao wenzangu wamekwisha kuoa. Bomani waliniacha kwa sababu Mlandizi hapakuwa mahali pa mtu kupaonea wivu. Karani wao alipofariki, nikaandika mimi, mpaka walipochoka kutafuta mwenye jina safi wakaniacha pale. Ndivyo nilivyoingia serikalini, kwa mlango wa uani. Miaka yangu iliyobaki yote mnaijua, nyingi ni za Mlandizi na Kibaha, na hazina la ajabu.

Bwana Shomari hakumaliza hata wiki bila mimi. Walimletea mwanafunzi mwingine, naye alikuwa hajui lini akohoe. Bwana Shomari aliambiwa asome ushahidi, akasoma kesi ya juzi mbele ya watu wa kesi ya jana, kwa ufasaha, na kitabu kimefunguliwa penye karatasi tupu. Liwali akamsogezea kidole usoni, hakupepesa. Wakamtoa kazini siku ile ile, wakasema macho yalimharibikia ghafla. Aibu ya serikali kukaa na kipofu miaka miwili haikuwa na mtu wa kuibeba, basi wakakubaliana kwamba ilikuwa ghafla.

Na watu wa Kisarawe walimlaumu nani? Mimi. Wakasema nilimtupa mwalimu wangu alipougua. Wengine wakasema nimemroga. Baba aliambiwa hivyo hivyo sokoni, na alikufa hajui la kuwajibu.

Yakapita mengi, vita ya pili ikaja ikaisha. Asubuhi moja nipo barazani Mlandizi namwandikia mtu shauri la mpaka, nikasikia hodi nikaijua sauti kabla sijainua kichwa. Alikuwa Bwana Shomari, ameshikwa mkono na mkewe, kanzu imechakaa lakini imenyooka. Walikuwa wametembea kutoka Kisarawe, wamelala njiani kwa watu. Nikasema shikamoo, mdomo ukaisema wenyewe. Akaitikia marahaba, mwanangu.

Mkewe ndiye aliyeeleza. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba makarani wa zamani wa mabaraza, waliotumika kwa uaminifu mpaka mwisho, wanaweza kuomba wapewe kitu cha kujikimu uzeeni. Mtu aandike maombi, aeleze kazi aliyofanya, mwaka kwa mwaka. Waliwaendea makarani wa Kisarawe, kila mmoja akawaambia hana habari za miaka ile ya mwisho. Aliyekuwa nazo ni mmoja tu.

Niliwakaribisha mkekani. Nikawapa maji, nikawapa muhogo. Kisha nikajishughulisha na kuchanganya wino, maana nilikuwa na hasira, na sikutaka aisikie kwenye sauti. Alikuwa bado anasikia kuliko mtu yeyote.

“Mwanangu,” akasema, “andika ukweli. Andika kwamba miaka ile miwili uliandika wewe, na mimi nilikukana. Nitatia dole gumba.”

Hapo ndipo penyewe. Karatasi ile ingefika bomani, ikiwa na dole la mwenyewe, na ingesafisha jina langu. Nilikuwa bado na nguvu, na boma lilikuwa linatafuta makarani wakubwa, na kila mara jina langu lilipofika mezani lilirudi na neno lile lile la mwongo. Lakini tangazo lilisema uaminifu mpaka mwisho. Karani aliyewaficha Liwali na Bwana Shauri, akamtia mwanafunzi kwenye kitabu cha serikali, hapewi hata kitambaa. Yeye alijua hivyo. Alikuwa amekuja kunilipa kwa chakula chake na cha mkewe. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua ukindu wa mkeka wangu.

Nikachovya kalamu. Mstari wa kwanza niliuandika kama alivyoniambia, kisha nikauchana, nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwamba Bwana Shomari alitumika katika baraza la Kisarawe, kwamba kesi za miaka ile miwili aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kipo na chaweza kutazamwa, hakuna kufuta wala kukosea. Niliandika habari ya minazi ya Vihingo. Niliandika jinsi alivyokuwa akisikiliza. Niliandika kwamba macho yalimharibikia ghafla, kazini, akiitumikia serikali. Nikamsomea kwa sauti mpaka mwisho.

Alisikiliza ameinua uso. Nilipofika kwenye kitabu cha kesi alinyanyua mkono kama anayetaka kunizuia, kisha akaushusha. Sikumsaidia kutafuta mahali pa kutia dole, mkewe ndiye aliyemwelekeza. Akasema Mungu atanilipa. Sikuitikia amina. Sikuwa nimemsamehe, na sijamsamehe hata leo ninaposema haya, naye ameshazikwa na mimi nilikwenda kumzika. Mnataka mzee wenu awaambie kwamba moyo ulipoa. Haukupoa.

Alipewa. Walikula kwa kile kidogo mpaka mwisho wa maisha yao, na mimi nikabaki kwenye faili la boma kama nilivyokuwa mpaka siku niliyorudisha funguo. Basi ninyi mnaoniuliza namna ya kuandika maombi ya kazi yakakubalika, mjue kwamba katika maisha yangu nimeandika mengi, kwa ajili yangu na kwa ajili ya watu. Yale ya Bwana Shomari ndiyo mazuri kuliko yote, na ndiyo pekee niliyopata kuyaona yakikubaliwa mara tu yalipopelekwa.